Senta Kijana Amepanda Ghafla: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila msimu, viwanja vya mpira wa kikapu vya Dar, Nairobi, Kampala na Lubumbashi huibua senta mmoja kijana, yule mrefu wa kucheza karibu na kikapu, ambaye mwaka jana alikuwa akipasha benchi na mwaka huu anazungumzwa kila kona. Wazazi wanauliza, walimu wa michezo wanauliza, na mashabiki wanaokesha wakitazama NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, nao wanauliza: huyu kapanda kweli, au ni upepo tu? Mifano mingi hapa chini ni ya wachezaji wanaojulikana. Takwimu zao ziko wazi, na tunajua mambo yao yaliishia wapi.

Mwaka jana alikuwa na wastani wa pointi 2, mwaka huu 8. Si jibu hilo tayari?

Bado. Uliza kwanza amecheza dakika ngapi.

Mchukue Rudy Gobert wa Ufaransa. Msimu wake wa kwanza NBA, 2013-14, akiwa Utah Jazz, alikuwa na pointi 2.3 na ribaundi (mipira anayodaka baada ya mtupo kukosa) 3.4 kwa mechi. Msimu uliofuata zikawa pointi 8.4 na ribaundi 9.5. Ukiishia hapo utasema kijana kazaliwa upya. Lakini dakika zake zilitoka 9.6 hadi 26.3 kwa mechi, na Februari 2015 Utah walimwachia Enes Kanter aende Oklahoma City, nafasi ya senta ikabaki yake.

Sasa piga hesabu kana kwamba kila msimu alicheza dakika 36 kwa mechi. Ribaundi: msimu wa kwanza kama 12.8, wa pili 13.0. Hajaongeza kitu. Alikuwa mdakaji huyohuyo tangu siku ya kwanza, ila alikuwa hapewi muda wa kuonekana. Pointi: 8.6 zikawa 11.5. Mitupo huru, ile inayotolewa baada ya faulo: asilimia 49 ikawa 62. Hapo ndipo palipokuwa na maendeleo, na hayakuwa makubwa kama wastani wa mechi ulivyodai. Baadaye alitwaa tuzo ya mlinzi bora wa NBA mara 4, lakini kwa mwaka ule mmoja, sehemu kubwa ya kile watu walichokiita kupanda ilikuwa ni kupewa nafasi.

Mimi hugawa mambo matatu kabla ya kusema lolote: kijana amepata nafasi, amepata mwili, au amepata ujuzi. Nafasi kocha anaweza kuichukua kesho. Mwili una faida mpaka akutane na mwenye mwili kama wake. Ujuzi ndio unaosafiri naye.

Kwa hiyo nikigawa kwa dakika nimemaliza?

Hapana. Mchezaji anayeingia dakika 8 akiwa mbichi, mara nyingi dhidi ya benchi la wapinzani, atakuwa na takwimu tamu kwa dakika. Mpe 30, apumue kwa mdomo, akabane na senta aliyeanza mechi, ndipo utaona. Hesabu ya dakika inakuondolea uongo mmoja tu.

Na Hasheem Thabeet je? Alipanda kweli, au Wamarekani walijidanganya?

Swali hili haliishi, hasa kwetu Tanzania, na majibu yanayotolewa vijiweni mengi hayamtendei haki.

Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, alianza mpira wa kikapu akiwa tayari kijana mkubwa, akamalizia sekondari Houston, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006. Tazama miaka yake mitatu. Wa kwanza: pointi 6.2, ribaundi 6.4, bloku (mitupo ya wapinzani aliyoizuia) 3.8 kwa mechi. Wa pili: 10.5, 7.9 na 4.5. Wa tatu: 13.6, 10.8 na 4.2. Timu yake ilifika nusu fainali ya taifa mwaka 2009, naye akagawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Big East. Huko si kubahatisha. Miaka mitatu mfululizo, dhidi ya ligi ngumu kuliko zote za vyuo wakati ule, kijana aliyechelewa kuanza alikuwa anapanda.

Lakini angalia kilichopanda. Bloku, silaha yake kuu, mwaka wa tatu zilishuka kidogo. Pointi ziliongezeka, nyingi zikiwa za karibu kabisa na ringi: danki, mipira ya kurudisha, pasi za juu anazodaka yeye peke yake. Maswali ambayo waskauti walikuwa wanayauliza (mikono yake inadaka vipi penye msongamano, miguu inageukaje akisukumwa, akiwekwa mbali na kikapu anafanya nini) hayakuwa na jibu kwenye karatasi ya takwimu.

Jibu moja lilipatikana Hartford tarehe 16 Februari 2009, siku Thabeet alipotimiza miaka 22. Connecticut walikuwa namba 1 nchini, wageni ni Pittsburgh. Senta wa Pittsburgh, DeJuan Blair, alikuwa na mita 2.01 hivi, mfupi kuliko Thabeet kwa sentimita 20, lakini mpana na mzito wa chini. Kuna tukio la ribaundi ambalo kila anayefuatilia analikumbuka: mikono yao ilinasana, Blair akamvuta, akampitisha juu ya bega na kumbwaga sakafuni. Watu wanalikumbuka kwa ubabe. Mimi naliona kwa nyonga. Blair alikuwa amekaa chini, magoti yamekunjwa, mgongo umeshamzuia mwenzake. Thabeet alikuwa wima, uzito wote juu, akitegemea mikono. Mechi iliisha Blair ana pointi 22 na ribaundi 23, Thabeet ana pointi 5 na ribaundi 4. Pittsburgh walishinda, na mwezi Machi walishinda tena.

Miezi michache baadaye, NBA ilipogawana wachezaji wapya kwa zamu, Memphis Grizzlies walimchagua Thabeet namba 2. James Harden na Stephen Curry, ambao baadaye waligeuka nyota, walikwenda namba 3 na namba 7. (Wanaosema leo kwamba Memphis waliona vibaya ni wengi, lakini timu nyingine nazo zilimpita Curry.) Blair, kwa sababu ya magoti yake, aliteremka hadi namba 37. Msimu wa kwanza NBA, Blair alipata pointi 7.8 na ribaundi 6.4. Thabeet, pointi 3.1 na ribaundi 3.6, na Februari 2010 akapelekwa kwenye ligi ya maendeleo, timu ya Dakota Wizards. Hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyekuwa amewahi kupelekwa huko. Mbele yake Memphis alikuwepo Marc Gasol, hivyo hata dakika za kujifunzia makosa zilikuwa chache. Alimaliza mechi 224 za NBA kwa wastani wa pointi 2.2, na baadaye alicheza Japani na Taiwan.

Kwa hiyo ndiyo, alipanda kweli. Kilichokosewa ni kuamini kwamba mstari ule utaendelea kupanda kwa kasi ileile hata akikutana na watu ambao urefu wake hauwatishi.

Mechi moja alidaka ribaundi 20 na zaidi. Hiyo haisemi kitu?

Inasema kwamba anaweza. Haisemi kwamba atafanya hivyo wiki ijayo.

Bismack Biyombo wa Lubumbashi ana mechi mbili za aina hii, na zote zilimlipa. Ya kwanza Aprili 2011, kwenye Nike Hoop Summit, mechi ya kuonyesha vijana wenye vipaji, mjini Portland, alipopata pointi 12, ribaundi 11 na bloku 10. Miezi michache baadaye alichaguliwa namba 7. Ya pili Mei 2016: senta wa kwanza wa Toronto, Jonas Valanciunas, aliumia, Biyombo akaingia, na katika mechi ya tatu ya fainali ya ukanda wa Mashariki dhidi ya Cleveland akadaka ribaundi 26. Kiangazi hicho Orlando walimpa mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya dola milioni 72.

Kabla ya hapo, msimu mzima Toronto, alikuwa na ribaundi 8.0 katika dakika 22 hivi. Orlando msimu uliofuata: 7.0, dakika zilezile. Wengine walisema ameshiba. Sikubaliani nao; takwimu zinaonyesha mtu yuleyule kabla na baada, mlinzi mzuri na mdakaji mzuri asiyefunga sana. Jukwaa ndilo lililobadilika, na bei yake ikapangwa kwa kutazama jukwaa.

Kwa nini makocha wanakodolea macho mitupo huru ya mchezaji mrefu?

Kwa sababu pale hakuna mpinzani. Urefu hausaidii sana, kasi haisaidii, mwenzake hawezi kumtengenezea. Anabaki yeye, mkono wake na mazoezi yake. Kijana aliyetoka asilimia 45 hadi 68 ameshughulikia kitu fulani asubuhi wakati wengine wamelala, na mara nyingi mkono huo ndio utakaokuja kutupa mpira kutoka mbali.

Ila angalia idadi. Mtu ambaye uwezo wake halisi ni asilimia 60, ukimhesabia mitupo 50, anaweza kuingiza 23 au akaingiza 37, na asiwe amebadilika hata kidogo. Ni bahati inacheza. Kwa hiyo ukiambiwa "mwezi huu anatupa asilimia 73", uliza ni mitupo mingapi. Kama ni 15, endelea na mambo yako. Ukitaka kuwa na uhakika zaidi, hesabu mazoezini pia, lakini baada ya kukimbia, akiwa anahema. Mitupo ya mwanzo wa mazoezi akiwa ametulia ni mapambo.

Ameanza kutupa pointi 3 na zinaingia. Niamini?

Hesabu ni ileile, na ni mbaya zaidi kwa sababu mchezaji mrefu hutupa chache. Mwenye uwezo wa asilimia 35, katika mitupo 100 anaweza kuonekana wa asilimia 26 au wa 44. Msimu mzima wa ligi ya mkoa huenda asifikishe 100.

Angalia basi kama anatupa bila kusita. Brook Lopez katika misimu yake 8 ya mwanzo NBA aliingiza mitupo 3 tu ya mbali. Msimu wa 2016-17 aliingiza 134. Hata kabla asilimia haijakaa sawa, kitendo cha kutupa mara karibu 390 kwa msimu kilitosha kuonyesha kwamba mtu huyu na kocha wake wameamua. Anayetupa mbili kwa wiki, zote akiwa peke yake na timu ikiongoza kwa pointi 25, hajaamua chochote.

Amerefuka sana mwaka huu. Hayo si maendeleo?

Ni maendeleo ya mwili, na yanaweza kuwa zawadi kubwa. Anthony Davis alikuwa gadi shuleni, yule anayeongoza mpira, akarefuka karibu inchi 8, na mwaka 2012 akachaguliwa namba 1. David Robinson aliendelea kurefuka akiwa Chuo cha Jeshi la Majini la Marekani. Wastani wake ulitoka pointi 7.6 mwaka wa kwanza hadi 23.6 wa pili. Wapo waliosema timu anazokutana nazo ni dhaifu. Alipoingia NBA mwaka 1989 alifunga 24.3 kwa mechi, mjadala ukafungwa.

Tofauti ya Davis ni kwamba urefu ulimkuta tayari anajua kupiga mpira chini na kutoa pasi. Kijana aliyerefuka kabla hajajifunza, mara nyingi hupata mwaka mmoja mbaya: miguu inagongana, anachelewa kugeuka, anaangusha mipira aliyokuwa anaidaka. Usimtupe kwa mwaka huo. Vilevile usimsifie kwa mwaka ule mwingine ambao amewazidi wenzake kichwa kizima.

Na pima bila viatu. NBA wenyewe walianza kuzitaka timu ziwasilishe urefu wa miguu mitupu mwaka 2019, na wapo waliopungua inchi moja au mbili kwa siku moja.

Umri una uzito gani?

Mkubwa kuliko takwimu yoyote niliyotaja. Kijana wa miaka 16 anayewatawala wa miaka 19 na wa miaka 20 anayewatawala wa miaka 16 wanaweza kuwa na karatasi inayofanana kabisa. Na tusioneane haya: mashindano yetu ya vijana yana umri wa cheti na umri wa mwili. Mzazi anayemshusha mwanawe miaka miwili ili ang'are anamnyima kipimo pekee ambacho kingemwambia ukweli mapema.

Video zake zimezagaa mtandaoni. Zinafaa kitu?

Zinafaa kuonyesha anaruka juu kiasi gani. Thon Maker, mzaliwa wa Wau, Sudan Kusini, aliyekulia Australia, alikuwa gumzo la dunia akiwa bado shule kwa sababu ya vipande vya video: mita 2.10 na zaidi, anapiga mpira chini kama gadi. Milwaukee walimchagua namba 10 mwaka 2016. Hakudumu NBA muda mrefu. Kipande cha sekunde 10 hakikuonyeshi mara sita alizojaribu jambo hilohilo akapoteza mpira. Omba mechi nzima, tena mechi waliyofungwa.

Ligi yetu ina senta wafupi. Nitamjuaje akiwa hana wa kumpima?

Hapa acha kuangalia mpira. Mtazame yeye peke yake robo nzima ya mechi; kama ni kwenye viwanja vya Dar vya Don Bosco au Kidongo Chekundu, kaa upande wa kikapu chake.

Mpinzani anapotupa, je, senta wako anatafuta mtu wa kumzuia kwa mgongo kwanza, au anaruka tu kwa kuwa atafika? Anayeruka tu atadaka 15 hapa nyumbani na 4 akikutana na akina Blair. Akidaka, anashusha mpira hadi kiunoni, ambapo gadi yeyote mfupi ataupokonya, au anaubakiza juu ya kichwa? Kushusha mpira ni tabia ya miezi mingi kuiondoa, na ukiona imeondoka, jua kuna kazi imefanyika.

Kisha subiri timu pinzani impelekee watu wawili. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine, na kila ligi inacho, hata yenye wafupi watupu. Mwaka jana alikuwa anafanya nini wakimbana wawili? Kama alikuwa anageuka kwa nguvu na kupoteza mpira, na mwaka huu anatulia, anaangalia upande wa pili, anatoa pasi kwa aliyeachwa wazi, basi huyo amebadilika kichwani. Karatasi huenda isimwandikie hata asisti, yaani pasi iliyozaa pointi, kwa sababu rafiki yake alikosa.

Mwisho, timu inayokutana naye mara ya pili. Mara ya kwanza hawakumjua. Mara ya pili kocha wao ameshampangia: wanamsukuma nje, wanamlazimisha mkono wa kushoto, wanamkimbiza. Linganisha mechi hizo mbili kabla ya kulinganisha misimu miwili.

Faulo zimepungua. Nifurahi?

Furahi, kama bloku na ulinzi havijapungua pamoja nazo. Wapo wanaopunguza faulo kwa kuacha kulinda. Unachotaka kuona ni mtu anayesimama wima, mikono juu, anamwacha mpinzani amgonge kifuani. Akiweza kubaki uwanjani robo ya nne bila faulo ya tano, kocha atamwamini, na mambo mengine yatafuata.

Alianza kucheza akiwa na miaka 15. Hajachelewa?

Hakeem Olajuwon alikuwa mchezaji wa mpira wa mikono na kipa wa soka Lagos kabla ya kikapu. Alipofika Chuo Kikuu cha Houston, mwaka wa kwanza alikuwa na pointi 8.3, wa pili 13.9, wa tatu 16.8. Viangazi alikuwa anapambana na Moses Malone, mtu mzima wa NBA, kwenye ukumbi wa Fonde mjini humo. Joel Embiid wa Kameruni naye alianza akiwa kijana wa sekondari. Na hapa jirani, Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Kampala, alipita City Oilers, timu ya Kampala, na akademia ya NBA ya Saly, Senegal, akacheza Olimpiki ya Paris 2024, na mwaka 2025 akachaguliwa namba 10 baada ya mwaka mmoja Chuo Kikuu cha Duke. Huko Duke wastani wake wa pointi ulikuwa 8.6 tu. Mimi ningeangalia zaidi kwamba mitupo huru aliingiza zaidi ya asilimia 75.

Waliochelewa hupanda kwa kasi kwa sababu wanaanzia chini. Mwaka wa kwanza kila kitu ni faida. Kasi ya mwaka wa tatu ndiyo yenye habari.

Ameshapata wakala anayetaka aondoke mwezi ujao, "wakati jina bado la moto". Tufanyeje?

Jina la moto ni biashara ya wakala, si ya kijana. Mwulizeni timu au shule anayompeleka ina masenta wangapi na wana umri gani, nani atamfundisha kazi ya chini ya kikapu, na akiumia nani analipa. Majibu yawe kwa maandishi.

Kabla ya pasipoti, apimwe. Vijana warefu waliokua haraka huvunjika miguuni kimyakimya: Embiid alikosa misimu miwili mizima kwa sababu ya mfupa wa mguu, na Greg Oden, aliyechaguliwa namba 1 mwaka 2007, alicheza mechi 105 tu za NBA kwa sababu ya magoti. Piga picha za miguu na magoti, pima moyo, nakala zibaki kwa mzazi. Wakala akisema hakuna muda wa hayo, muda wa kusaini nao haujafika.

Na kama msimu bado una mechi, amalize. Hasa zile za marudiano.